Tone Moja Kisogoni

"Daktari, paka wangu anajikuna usiku kucha, na nikimsogelea na dawa anapanda darini. Siwezi kumnyunyizia tu ile ya mahindi?"

Swali hili ni la Songea hasa. Mjini Dar es Salaam mtu akiulizia dawa ya viroboto anauliza bei. Huku kwetu, mavuno yakishaingia ndani, kila nyumba ina pakiti ya dawa ya dumuzi kwenye rafu, na paka yuko palepale juu ya magunia anajitafuna mkia. Mkono unakwenda kwenye pakiti wenyewe.

Jibu ni hapana. Sura hii itaeleza kwa nini, lakini haitaishia hapo, kwa sababu anayeuliza hivyo kwa kawaida anaijua dawa sahihi au amewahi kuisikia. Tatizo lake ni kwamba paka amemshinda. Amejaribu, akaparuliwa, akaacha, na sasa anatafuta dawa ambayo mtu anaweza kuirusha kwa mbali. Ukijifunza kumshika paka kwa dakika moja, haja ya ile pakiti inakwisha.

Paka mwenye kazi

Mkoa wetu wa Ruvuma ni wa mahindi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana maghala yake Ruhuwiko, lakini mahindi ya kula hulala nyumbani: chumba cha nyuma, kwenye kihenge, au darini juu ya jiko. Penye mahindi pana panya, na penye panya huletwa paka. Mara nyingi hanunuliwi. Anaombwa kwa jirani akiwa mdogo, anabebwa ndani ya kikapu, na tangu siku hiyo anahesabiwa kuwa mfanyakazi. Wengine hawampi hata jina. Analala kwenye magunia, anakula mabaki ya ugali, na siku ya bahati anatupiwa vichwa vya dagaa Nyasa.

Paka huyu hajawahi kupakatwa. Siku ya kwanza anayoshikwa na binadamu ndiyo siku ya dawa, na dawa yenyewe inanuka na ni ya baridi. Kama ni wewe ungekimbia.

Vitabu vingi vya ufugaji vimeandikwa kwa ajili ya paka wa sebuleni, anayekaa mapajani mwa mtu akitazama televisheni. Ushauri wa vitabu hivyo si mbaya, ila unaanzia mbali sana na alipo paka wa Lizaboni au Mfaranyaki, hapa Songea.

Kiroboto anaishi wapi

Kiroboto mkubwa, yule unayemwona akipita kwenye manyoya, huishi juu ya mnyama na kunyonya damu. Jike hutaga hadi mayai 40 au 50 kwa siku. Mayai hayo hayashiki kwenye manyoya. Hudondoka popote paka anapolala au kupita: kwenye gunia, kwenye mkeka, chini ya kitanda, kwenye nyufa za sakafu ya udongo. Huko hutoka viluwiluwi vidogo vinavyokimbia mwanga na kula uchafu, hasa kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho kimsingi ni damu iliyokauka. Baadaye kila kimoja hujifunga ndani ya kifuko cha nyuzi na kungoja.

Kungoja huko ndiko kunakochanganya watu. Ndani ya kifuko, kiroboto anaweza kukaa miezi kadhaa, na dawa nyingi hazimfikii. Anapohisi mtikisiko, joto au pumzi ya kiumbe anatoka na kuruka. Ndiyo maana unafungua chumba kilichokaa kitupu tangu likizo, na dakika chache baadaye miguu inawasha. Panapokuwa na joto na unyevu, safari nzima ya kutoka yai hadi kiroboto mkubwa huchukua wiki tatu hivi. Masika huwafaa sana. Ukavu na baridi huwachelewesha, lakini kona ya jiko lenye moto ina joto lake hata mwezi wa saba.

Hasara yake haiishii kwenye kuwashwa. Paka mdogo mwenye viroboto wengi huishiwa damu hadi kufa. Mwangalie fizi, zikiwa nyeupe badala ya waridi mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Paka anayemeza kiroboto wakati wa kujilamba anaweza kupata tegu, ile minyoo bapa yenye vipande kama punje za mchele, na mtoto anayemeza kiroboto kwa bahati mbaya anaweza kuipata pia. Na paka mwindaji hukutana na viroboto wa panya. Tauni iliyoisumbua Lushoto kuanzia mwaka 1980 ilienezwa na viroboto wa aina hiyo.

Kama huna hakika paka anajikuna kwa ajili ya nini, mchane juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa kidogo. Chembe nyeusi zikidondoka na kuacha doa jekundu lenye ukahawia, hiyo ni damu aliyonyonywa.

Unga wa dumuzi

Sasa turudi kwenye ile pakiti.

Unga maarufu wa kuhifadhia mahindi, Actellic Super, una viuatilifu viwili, yaani kemikali mbili za kuua wadudu. Ya kwanza inaitwa pirimiphos-methyl na inapambana zaidi na fukusi wa kawaida. Ya pili ni permethrin, na iliongezwa kwa ajili ya dumuzi. Unga mwingine wa kazi hiyohiyo una mchanganyiko tofauti, lakini mara nyingi utakuta ndani yake ndugu wa permethrin.

Asili ya permethrin iko karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani. Njombe, Iringa na Mbeya hulima pareto, ua jeupe ambalo unga wake umeua wadudu kwa vizazi vingi. Wanakemia walichunguza sumu ya ua hilo na kutafuta namna ya kuunda inayofanana nayo lakini isiyoharibika juani. Mwaka 1973, kundi la Michael Elliott katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, liliipata permethrin. Leo imo kwenye vyandarua, kwenye dawa za kupuliza na kwenye dawa za mbwa. Kwa mtu na mbwa, ikitumika ipasavyo, haina shida kubwa, kwa kuwa ini huivunja na kuitoa.

Ini la paka haliwezi. Halina kiasi cha kutosha cha kimeng'enya kinachohitajika. Kimeng'enya ni kitu ambacho mwili hukitengeneza ili kuharakisha kazi fulani, na hapa kazi ni kuvunja kemikali ngeni. Inawezekana ni kwa sababu paka ni mla nyama tangu asili, na hakuhitaji kupambana na sumu za majani kama wanyama wengine. Upungufu huohuo ndio unaofanya kidonge kimoja cha Panadol kiweze kumuua, jambo ambalo kila mwenye paka angepaswa kuambiwa kabla hajamhurumia paka mwenye homa.

Utasikia ubishi: "Mbona mahindi yenyewe tunakula?" Ubishi huu una akili na unastahili jibu la hesabu. Kipimo cha unga ni gramu 100 hivi kwa gunia. Gunia la kilo 100 likipata gramu 100, kila kilo ya mahindi inapata gramu moja. Paka wa kilo tatu, hata angepimiwa kama mahindi, angestahili gramu tatu, ambazo hazijazi kijiko. Anayempaka paka hapimi, anachota konzi. Halafu mahindi hukaa muda kabla ya kuliwa, yakapepetwa, yakakobolewa, yakaoshwa. Paka anaanza kujilamba papo hapo na hatulii mpaka kila chembe imeingia tumboni.

Anayelishwa sumu hii hutokwa mate na machozi, masikio na ngozi humchezacheza, huyumba, hutetemeka, na mwisho hushikwa na degedege. Dalili zinaweza kuanza ndani ya saa chache au kuchelewa siku moja mbili. Ukiona hivyo, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunge kwa nguo asipate baridi, na mkimbize kwa daktari wa mifugo ukiwa na pakiti mkononi. Usimnyweshe maziwa wala mafuta. Mnyama anayetetemeka hupaliwa, na kinywaji kikaingia kwenye mapafu. Mafuta nayo husaidia sumu nyingine kupenya haraka.

Dawa za kuogeshea ng'ombe zinaingia kwenye katazo hilohilo. Vivyo hivyo dawa ya matone ya mbwa, ambayo ni hatari zaidi ya unga: nyingine zina permethrin inayofikia nusu ya dawa yote. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na mivuke yake huharibu mapafu. Kitunguu saumu ni sumu kwa paka. Majivu hayamdhuru sana na hayamsaidii sana.

*Kwa ufupi: kama kopo halijaandikwa paka, lisimguse paka. Na kama unataka kupunguza unga wa dawa nyumbani kabisa, mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa huua dumuzi kwa kumnyima pumzi, bila kiuatilifu chochote.*

Dawa ya tone

Dawa inayomfaa huja katika kichupa chembamba cha plastiki chenye kiasi kidogo tu. Cha fipronil kwa paka kina nusu mililita. Unavunja ncha, unagawanya manyoya kisogoni, unamimina kwenye ngozi, basi. Majina ya kemikali ya kutafuta kwenye boksi ni fipronil, imidacloprid au selamectin. Mbili za kwanza husambaa juu ya mwili kwa kufuata mafuta ya ngozi. Fipronil hujihifadhi kwenye tezi za mafuta, vile vijifuko vya ngozini vinavyolainisha manyoya, na kutoka humo kidogo kidogo kwa mwezi mmoja hivi. Selamectin hupita kwenye ngozi, ikaingia kwenye damu, ikarudi ngozini.

Kwa sababu ya kutegemea mafuta hayo, paka asiogeshwe siku mbili kabla na siku mbili baada ya fipronil. Na kisogoni ni mahali ambapo ulimi wake haufiki. Ukimimina kati ya mabega, paka mwembamba anajipinda na kupafikia. Panda juu zaidi, pale fuvu linapokutana na shingo.

Soma umri na uzito kwenye boksi. Fipronil ya matone si ya mtoto wa paka aliye chini ya wiki nane, na selamectin nayo ina kikomo chake. Imidacloprid ina kichupa tofauti kwa paka wa chini ya kilo nne na wa juu ya hapo. Mizani ya kuning'inizia gunia haioni vizuri kilo tatu, hivyo tumia ya kusimamia: jipime, kisha jipime tena ukiwa na paka kikapuni, utoe uzito wako na wa kikapu. Kama unafuga sungura, fipronil isiwafikie. Huwaua.

Dukani usiulize "dawa ya viroboto". Sema "ya matone, ya paka", na soma boksi kabla ya kutoa hela. Kama hakuna, daktari wa mifugo anaweza kukuagizia. Kungoja basi la kesho ni nafuu kuliko kuchukua mbadala wa leo.

Kwa nini anakataa

Paka hajui kwamba unamtibu. Anachojua ni kwamba mtu mkubwa amemkodolea macho, amemjia kwa mbele huku akinyata, ana harufu ya spiriti mkononi, na amemkamata. Kila kimoja kati ya hivyo, kwa lugha ya paka, ni ishara ya mnyama anayewinda. Kunyata hasa. Tunanyata tukidhani tunamtuliza, kumbe anayenyata ni chui.

Kuna baridi pia. Asubuhi za mwezi wa saba Songea, dawa iliyolala dirishani ikidondokea ngozi tupu humshtua paka yeyote. Na kuna kumbukumbu: paka aliyefukuzwa chumba kizima mara ya kwanza atakimbia mara ya pili akisikia tu plastiki ikivunjwa.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla dawa haijafunguliwa. Kwa wiki nzima, mpe dagaa wachache mahali pamoja, saa ileile, jioni. Dagaa Nyasa wakavu kutoka sokoni wanatosha. Si lazima wawe wengi, ila wanuke. Mwache ale, wewe ukae pembeni umempa ubavu. Siku zinazofuata weka kidole kisogoni akiwa anakula, ukitoe. Kisha vidole viwili, ugawanye manyoya, utoe. Siku ya dawa mkono wako uwe umeshakuwa sehemu ya mlo.

Siku yenyewe

Ivunje ncha ya kichupa chumba kingine. Kishike ndani ya kiganja au kiweke mfukoni dakika chache kipate joto la mwili, huku ncha ikitazama juu. Msubiri paka ashibe na kuanza kusinzia. Funga mlango, na ziba uvungu wa kitanda.

Mtu mmoja akiwa peke yake anapiga magoti, paka akiwa katikati ya mapaja, ametazama mbele, mgongo wake ukigusa tumbo la mtu. Akirudi nyuma anakutana na wewe. Mkono wa kushoto unakuna kidevu, wa kulia unashuka kutoka nyuma. Usimkamate kwa ngozi ya shingo ukamning'iniza. Paka mkubwa huumia, na ngozi iliyokunjwa inafanya dawa imwagike juu ya manyoya.

Wakiwa wawili ni rahisi zaidi, mmoja anashughulika na kidevu na dagaa. Mara nyingi msaidizi ni mtoto, na hapo ndipo kazi huharibika.

"Mama, anakimbia!"

"Mwache, mwanangu. Usimfukuze. Kaa chini."

Mama huyo ana akili. Paka akitoka, mwache atoke. Weka dagaa tena kesho.

Kwa paka anayerusha makucha, chukua taulo au kitenge kizito, si khanga nyepesi ambayo kucha hupenya. Mwekee kwa juu, mfunge mabega na miguu ya mbele, uache kichwa na kisogo nje. Mshikilie kwa uthabiti bila kumbana kifua. Ukimaliza mfungue upesi. Anayeachiwa mapema husamehe mapema.

Mambo manne ya kukumbuka ukiwa na kichupa mkononi:

- Gawanya manyoya mpaka uone ngozi yenyewe.
- Mimina yote mahali pamoja, bila kusugua.
- Mtupie dagaa kabla hajapata nafasi ya kufikiri.
- Nawa mikono, na watoto wasimguse mpaka pakauke.

Akifanikiwa kuilamba atatoa povu na mate mengi. Mara nyingi huo ni uchungu wa dawa na huisha baada ya muda mfupi, mpe maji. Povu likiendelea, au akianza kutetemeka, mpeleke kwa daktari.

Asiyeshikika kabisa

Yuko paka wa ghala ambaye hata dagaa wa mwezi mzima hawatamfanya asimame karibu na mtu. Usipigane naye. Kung'atwa na paka si jambo dogo: meno yake membamba huingiza uchafu ndani kabisa, kidonda hufunga juu na kuoza chini. Na kichaa cha mbwa humpata paka pia. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama tundu ni dogo.

Paka huyo atibiwe kupitia mahali anapolala. Mpe gunia moja lake, kuukuu, kwenye kona anayoipenda, na kila wiki lichemshe au ulianike juani kutwa nzima. Viluwiluwi haviwezi ukavu. Fagia nyufa, na takataka uzichome badala ya kuzitupa nyuma ya nyumba. Sakafu ya udongo ikisiribwa upya, mayai mengi hufukiwa. Ukiwa na mbwa, naye apewe dawa yake ya mbwa, lakini isiwe yenye permethrin kama analala na paka, maana paka hulamba rafiki zake. Daktari akipatikana, vipo vidonge vya viroboto vya paka. Cha nitenpyram huanza kuua ndani ya nusu saa, ingawa nguvu yake ni ya siku moja tu. Hufichwa ndani ya kichwa cha dagaa kilicholowekwa.

Hata kwa yule aliyekubali tone, utaendelea kuona viroboto kwa wiki kadhaa. Hao ndio waliokuwa wakingoja ndani ya vifuko vyao, wanatoka sasa, wanamrukia, wanakufa. Watu wengi hukata tamaa hapa, wakasema dawa ni feki, wakarudi kwenye rafu ya mahindi. Usirudie tone kabla ya muda ulioandikwa kwenye boksi. Andika tarehe kwa chaki ukutani, karibu na hesabu ya magunia, na mwezi ukitimia anza tena na dagaa wale wa jioni, siku mbili tatu kabla ya kichupa.